Jibu: Tozo ya miamala imefutwa au bado ipo?

Mkuu, umeuliza kwa nini mama yako kijijini bado anakatwa tozo ya serikali kwenye miamala ya pesa ya simu hapa Tanzania, wakati ulisikia bungeni kwamba imefutwa. Ulichosikia ni kweli, ila ni nusu yake. Tozo ilianza Julai 2021, na kiwango cha juu kilikuwa shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu walilalamika sana, ikashuka hadi 7,000 mwezi Septemba mwaka huohuo, kisha 4,000 mwaka 2022. Bajeti ya 2023/24 ndiyo iliyoiondoa kwenye kutuma. Kwenye kutoa pesa taslimu ikabaki.

Kwa hiyo wewe wa mjini unapumua, mzigo anaubeba mama anayesimama kwa wakala. Hili linaniuma kweli, maana anayetoa pesa taslimu mara nyingi ni yule ambaye duka la karibu halipokei malipo ya simu. Nauli ya bodaboda, dawa, kusaga mahindi, vyote vinataka noti mkononi.

Usichanganye tozo na ada ya kampuni ya simu, hivyo ni vitu viwili tofauti. Kama karibu na mama kuna duka lenye lipa namba (namba ya kulipia kwa simu), alipie hapohapo bila kwenda kutoa. Na kama mnatoa, toeni mara moja kiasi cha kutosha wiki nzima badala ya vipande vipande. Mimi na mdogo wangu ndivyo tunavyomfanyia bibi yetu, na makato yamepungua.