Unataka kuhamia Shela? Onja maji kwanza

Mwaka wa nne huu niko Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, nilitoka mtaa wa Langoni kule mjini Lamu nilipooa manake tulitaka utulivu, na sikosi mtu wa kuniuliza nyumba huku zaenda bei gani. Mimi namwambia bei utauliza baadaye, kwanza ingia jikoni ufungue mfereji uonje.

Mimi sikuonja. Nyumba ya kwanza niliipendea daka, ile baraza ya mlangoni, na upepo wa darini, nikalipa kodi ya miezi mitatu palepale. Jioni mke wangu akateleka chai ya maziwa, ikakatika, mabonge mabonge juu ya sufuria, tukadhani maziwa yameharibika tukanunua mengine nayo yakakatika vilevile. Kumbe maji ni ya chumvi! Mwenye nyumba alijua na hakusema neno, na pesa hakurudisha. Ikawa kila asubuhi ni punda na madumu ya lita 20, hesabu mwenyewe kwa mwezi.

Mzee jirani ndo alinifunza. Akaniambia mwanangu, hata wazee wetu maji ndo yaliyowaleta hapa. Asili ya watu wa Shela ni Takwa, ng'ambo kisiwa cha Manda, mji uliohamwa karne ya 17, na wao husimulia kwamba visima vya kule viliingia chumvi wakavuka. Mpaka leo watu huenda Takwa kuzuru lile kaburi la mnara na kuomba mvua.

Na huku maji matamu yapo kwa sababu ya vile vilima vya mchanga. Mvua ikinyesha mchanga unaifyonza, inakaa chini juu ya maji ya chumvi, na mji wa Lamu nao unakunywa kutoka visima vya huko. Yakivutwa kupita kiasi chumvi inapanda. Kwa hiyo ukishakuwa mkaazi ukaona mtu anachota mchanga ama anapima kiwanja kule juu, usinyamaze, nenda kwa wazee siku hiyohiyo, hiyo ni chai ya watoto wako.

Mengine utazoea. Msikiti wa Ijumaa uko hapahapa, ule wa 1829 wenye mnara uliochongoka kama pia, lakini benki na hospitali kubwa ya King Fahd ziko mjini, kama dakika 40 kwa miguu, na bamvua likija bahari inakula njia ya ufukweni. Wale waliotoka Pate na Mombasa kuja kuipiga Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, husimuliwa kwamba bahari iliwapwea hapahapa Shela majahazi yakabaki mchangani, wakashindwa kukimbia. Nawe jua saa za kujaa na kupwa, na uwe na namba ya nahodha wa boti anayekubali kuamshwa saa nane usiku. Mke wangu alipopata uchungu tulipiga simu kwa watu watatu, wa tatu ndo alishika.