Tartani za ukoo wa MacLeod: maswali yenu na majibu

Wasomaji kadhaa wameniandikia kuhusu tartani, kile kitambaa cha sufu cha drafti wanachovaa Waskoti, na wengi wametaka habari za ukoo wa MacLeod wa visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Tuanze.

Kwenye picha za harusi nimemwona MacLeod mmoja kavaa manjano ya kung'aa, mwingine buluu na kijani iliyokolea. Hawa ni ukoo mmoja kweli? (Msomaji, Tanga)

Ni ukoo mmoja wenye matawi mawili. Wote hujihesabu uzao wa Leod, mtu wa karne ya 13. Uzao wa mwanawe Tormod ulishika eneo la Harris na sehemu ya kisiwa cha Skye, ambako ngome yao ya Dunvegan ingali imesimama. Uzao wa Torquil ulishika Lewis, jirani na Harris. Manjano yenye miraba myeusi na mstari mwekundu ni ya Lewis. Ile ya buluu, kijani na nyeusi, yenye mistari myembamba ya manjano na myekundu, ni ya Harris.

Hiyo ya Harris ilianzia wapi? (Msomaji, Nakuru)

Jeshini. Mwaka 1777 John Mackenzie, mwenye cheo cha Lord MacLeod, alipewa idhini ya kuunda kikosi cha askari kutoka Nyanda za Juu za Uskoti. Yeye na babake walishiriki uasi wa 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza. Kijana akasamehewa, akaenda kutumikia jeshi la Sweden kabla ya kurudi nyumbani. Sare za kikosi chake zilifuata tartani ya serikali, ile ya rangi za giza iliyovaliwa na kikosi cha Black Watch, ila ziliongezwa mistari ya kuwatofautisha na wengine. Ndiyo maana tartani ya Mackenzie na ya MacLeod wa Harris zinafanana kama ndugu: moja ina mistari myeupe na myekundu, nyingine ya manjano na myekundu. Akina Gordon, ukoo mwingine wa Kiskoti, nao walipata yao kwa njia hiyohiyo, kwa kuongeza mstari wa manjano peke yake.

Na ya manjano? Nimesoma kwamba ni ya kughushi. (Msomaji, Muscat)

Kilichoghushiwa ni hati, na hilo lisichanganywe na kitambaa. Ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart walidai wana hati ya kale inayoeleza tartani za koo. Mwaka 1829 Sir Thomas Dick Lauder alimwandikia mwandishi wa riwaya Walter Scott kwamba mkuu wa MacLeod amekwisha kupata, kutoka kwenye hati hiyo, mchoro wa milia mitatu myeusi juu ya uwanja wa manjano. Scott aliitilia shaka hati hiyo tangu mwanzo. Ilichapishwa mwaka 1842, na wataalamu wameikataa. Hata hivyo, watu wa Lewis wameoa na kuzika wakiwa wamevaa manjano hayo kizazi baada ya kizazi. Kwangu mimi hilo linatosha kuifanya tartani yao, bila kuibebesha ukale usio wake.

Basi kabla ya hapo kila ukoo haukuwa na tartani yake? (Msomaji, Dodoma)

Tartani zilikuwepo, lakini zilifuata mahali, mfumaji na rangi za mimea iliyopatikana karibu. Martin Martin, mzaliwa wa Skye, aliandika mwaka 1703 kwamba michoro hutofautiana kisiwa kwa kisiwa, na mjuzi angeweza kutambua mtu anatoka wapi. Mahali, sio ukoo. Mchoraji Allan Ramsay alipomchora mkuu wa ukoo, Norman MacLeod, miaka ya 1740, alimvika tartani nyekundu, wala si mojawapo ya hizi mbili.

Baada ya vita vya Culloden, vilivyozima uasi ule wa 1745, serikali iliwapiga marufuku wanaume kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, isipokuwa askari, kuanzia 1747 hadi 1782. Mwaka 1815 chama cha Highland Society of London kiliwaomba wakuu wa koo walete sampuli za tartani zao. Kisha Mfalme George IV akazuru Edinburgh mwaka 1822, na kila mwenye jina akataka kitambaa cha jina lake. Kiwanda cha Wilson cha Bannockburn kilikuwa na michoro mingi, mingine ikijulikana kwa namba tu kabla ya kupewa jina la ukoo.

Mafundi hupataje rangi nyingi hivyo? (Msomaji, Kampala)

Nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) hupangwa kwa mfuatano uleule. Zinapokutana rangi mbili tofauti, jicho huona ya tatu. Rangi sita za uzi hutoa vivuli 21.

Naishi Glasgow, sina ukoo wa Kiskoti. Nikivaa nitakosea?

Hapana, hakuna sheria inayokukataza. Kuna rejista rasmi ya tartani tangu 2009, na yeyote anaweza kuomba kuandikisha mchoro mpya. Iache tu tartani ya Balmoral, ambayo kwa desturi ni ya familia ya kifalme. Ukialikwa harusi ya akina MacLeod, waulize wenyeji ni tawi lipi kabla hujakodi kilti, ile sketi ya wanaume ya tartani.