Miji miwili yatosha, na mmoja uwe Lisbon

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mwenye siku nane tu za likizo Ulaya achague miji gani? Mimi nasema miwili, Lisbon ya Ureno na Sevilla ya Uhispania. Nimefika hapo baada ya kukosea.

Safari ya kwanza, mimi na mume wangu tulipanga Amsterdam, Brussels, Paris na Roma kwa siku hizo hizo nane. Kwenye karatasi ilipendeza, maana treni kutoka Brussels hadi Paris haimalizi saa moja na nusu. Lakini kuhama si treni tu. Unafunga mabegi, unatoka chumbani asubuhi, unatafuta pa kuweka mizigo kwa sababu hoteli unayokwenda haikupokei mpaka alasiri. Kila kuhama kulitupotezea nusu siku, nasi tulihama mara tatu. Roma tuliiona jioni moja na asubuhi moja. Mpaka leo inaniuma.

Mara ya pili tulimchukua na mama mkwe, tukalala Lisbon siku nne. Sisi ni watu wa Mombasa. Tumekua tukiiona Ngome ya Yesu kila siku, na shuleni tukafundishwa jinsi Vasco da Gama alivyopita kwetu mwaka 1498, akapewa rubani Malindi wa kumvusha hadi India. Basi kaburi lake liko pale Belém, mtaa wa Lisbon, ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos. Nilisimama mbele yake nikiwaza Kilwa na Mombasa, zilizoporwa na Wareno wenzake mwaka 1505, na sikuweza kuondoka upesi. (Msiende Jumatatu, hufungwa.) Ukitoka nje, maneno ya nyumbani yanakupokea: meza kwao ni mesa, bendera ni bandeira, na juu ya makanisa imeandikwa igreja, neno lililotuachia gereza.

Kwenda Sevilla hakuna treni ya moja kwa moja, tulipanda basi, na safari ikala sehemu kubwa ya siku. Sikujuta. Giralda, mnara wa kengele wa kanisa kuu, ulijengwa kuwa mnara wa msikiti, na ndani yake karibu njia yote ni mteremko mpana badala ya ngazi. Husemwa ni ili mwadhini apande juu ya mnyama. Mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, alipanda polepole mpaka juu.

Siku moja tukaenda Córdoba na kurudi jioni, dakika 45 hivi kwa treni ya kasi, mizigo ikibaki hotelini. Ule msikiti wa kale, ambao sasa ni kanisa, una nguzo zaidi ya 800. Mama alikaa kimya karibu na mihrabu mpaka tukaambiwa wakati umekwisha.

Viza moja ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inatosha kwa nchi zote mbili, ila iombeni kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwetu ilikuwa Ureno. Tiketi ya ndege ingieni kwa Lisbon na mtokee Madrid, saa mbili na nusu kwa treni kutoka Sevilla, msirudie njia. Na nendeni Aprili au Oktoba. Julai na Agosti joto la Sevilla hupita nyuzi 40, na mzee hawezi kutembea mchana.