Skrini inawaka, picha haiji

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mhasibu, kazi nyingi nafanyia nyumbani Tabata. Nimenunua skrini ya kubeba ya inchi 15.6 ili niweze kufungua mafaili mawili kwa pamoja. Nikiichomeka kwenye laptopu kwa waya wa Taipu-C wa simu yangu, inawaka, inasema haipati picha, inazima. Muuzaji ananiambia laptopu ni mbovu. Nibadilishe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usibadilishe chochote kwanza. Ninayemshuku ni huo waya.

Taipu-C ni umbo la kichwa tu. Waya mwingi wa simu umetengenezwa kwa chaji na data ya megabiti 480 kwa sekunde. Zile nyuzi za kasi zinazobeba picha hazimo ndani kabisa. Wewe ni mhasibu, piga hesabu: nukta 1920 mara 1080, mara biti 24, mara 60 kila sekunde. Unakaribia gigabiti 3, yaani megabiti 3,000. Waya ule hauwezi.

Nami nimeshaumia. Nilinunua Kariakoo waya mnene, umesukwa vizuri, umeandikwa wati 60. Nikavuka nao kivuko hadi Kigamboni kwa mteja, akakaa ananitazama nusu saa nikichomeka na kuchomoa. Wati ni habari ya chaji, hazisemi lolote kuhusu picha. Niliona aibu sana siku ile. Tangu hapo naingia dukani na laptopu na skrini begani, naomba tujaribu pale pale kaunta kabla sijatoa hela. Muuzaji akikataa, naondoka.

Lakini kabla ya kwenda, litazame tundu la laptopu. Likiwa na alama ya DisplayPort, ile kama herufi D, au radi yenye ncha ya mshale ya Thunderbolt, linatoa picha. Lisipokuwa na alama, soma maelezo ya modeli yako, maana matundu mengine ya Taipu-C hayatoi picha hata uyape waya wa dhahabu. Likiwa linatoa, omba waya wa Taipu-C wa picha, ulioandikwa USB4, Thunderbolt au gigabiti 10. Mita moja inatosha.

Na kama tundu halitoi picha, bado laptopu yako si mbovu. Tumia HDMI, ule waya wa picha kama wa runinga. Angalia ubavuni mwa skrini: nyingi zina tundu dogo, mini HDMI, kwa hiyo waya uwe na kichwa kikubwa upande mmoja na kidogo upande wa pili. HDMI haipeleki umeme wa kutosha kuwasha skrini, hivyo ule waya wako wa simu uchomeke kwenye chaja, au kwenye pawabenki umeme ukikatika, uilishe skrini. Kazi hiyo unaiweza.