Fiat 500 ya Mwaka 1967: Nianzie Wapi?

SWALI: Mwalimu, assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa 19 nikiishi Brescia, Italia. Baba yangu aliwahi kufanya kazi katika San Marco, kituo cha Waitaliano cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, na mhandisi mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akija kwetu alikuwa na Fiat 500 ya rangi ya maziwa, ambayo sisi watoto tuliujua mlio wake kabla haijakata kona. Tangu nifike huku nimekuwa nikiitafuta mfano wake. Mara bei ilinishinda, mara nilifika nikakuta imeuzwa asubuhi ile ile. Mwezi uliopita mkulima mmoja mzee alikubali kuniuzia yake ya mwaka 1967, iliyolala kwenye banda la majani makavu kwa zaidi ya miaka 25. Haiwaki, sakafu ya upande wa dereva imetoboka, na kadi yake imechakaa. Jirani mmoja ananishauri niifungue yote hadi nati ya mwisho, na mwingine anataka niitoe injini nitie ya Fiat 126 iliyo na nguvu zaidi. Nianzie wapi? Na je, siku moja nitaweza kuipeleka Malindi, baba aione?

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu, na pokea pongezi zangu za dhati. Mwaka ulioutaja umenigusa, kwa sababu ni tarehe 26 Aprili 1967 ambapo Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lao la baharini pale Ngomeni. Gari lako na kazi ya mzee wako ni marika.

Kabla hujashika spana, shika karatasi. Kwa kutumia namba ya usajili, omba taarifa za gari katika daftari la umma la magari, ambalo huko huitwa PRA na husimamiwa na ACI, ili ujue kama bado limo au lilifutwa katika miaka ambayo halikulipiwa kodi. Likiwa limefutwa, njia ya kulirudisha barabarani ipo, lakini hupitia kwenye rejista za magari ya kihistoria kama ile ya ASI, chama cha magari ya kihistoria cha huko, nao watataka gari lifanane na lilivyotoka kiwandani. Kisha fungua boneti ya mbele, ambako gari hili huweka tangi la petroli na betri, ufute vumbi kwenye namba ya chasisi iliyogongwa katika bati, uilinganishe na ya kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu. Mlango nao ni shahidi: kuanzia toleo la 500 F la mwaka 1965 bawaba zilihamia mbele, kwa hiyo mlango wa gari lako ukifungukia nyuma kama wa yale ya awali, na gari lenyewe si Giardiniera yenye mgongo mrefu, mwaka ulioandikwa unahitaji maelezo.

Sasa nakuja kwenye sakafu, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo magari haya hufia. Dante Giacosa, mhandisi aliyelibuni gari hili lililotoka mwaka 1957, hakulipa chasisi iliyojitenga na bodi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Sakafu na vizingiti vya milango ndivyo vinavyoshikilia mbele na nyuma, na ukivikata bila kuegemeza kitu, gari litalegea katikati kama kitanda cha kamba kilichokatika, na milango haitafunga tena sawasawa. Kwa hiyo, kabla ya kukata chochote, pima uwazi uliopo kati ya mlango na bodi katika kila upande, juu, kati na chini, uviandike vipimo hivyo ukutani. Kisha chomelea vyuma vya muda kukingama nafasi ya kila mlango, ukate upande mmoja tu, uumalize kabisa, ndipo uhamie wa pili.

Kujua pa kukata, tumia mpini wa bisibisi ukigonga polepole: bati zima hulia, bati lililooza chini ya puti, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bati, hujibu kwa sauti fupi na nzito. Sumaku iliyofungwa kitambaa haitashika penye puti nene. Gonga penye kuwekewa jeki, chini ya betri ambako tindikali hudondoka, na kandokando ya taa za mbele. Usikubali kiraka kibandikwe juu ya bati bovu, hata fundi akikuapia, kwa kuwa kutu huendelea kula katikati ya mabati hayo mawili mahali usipoweza kupaona.

Simuungi mkono jirani yako wa kwanza, anayetaka uifungue yote. Nimepokea gerejini magari yaliyofunguliwa yote kwa shauku ya wiki moja, yakaletwa kwangu ndani ya maboksi baada ya miaka mitatu, mwenyewe hakumbuki tena bolti ipi ilishika nini. Fungua sehemu moja, ipige picha, tia bolti zake katika kopo lenye jina, uirudishe sehemu hiyo kabla ya kugusa nyingine.

Injini yake ni ya silinda mbili, haina rejeta, ina ujazo wa sentimita za ujazo 499.5, na hupozwa na upepo wa feni. Usilisukume gari liwake. Toa plagi, mimina mafuta ya injini kidogo ndani ya kila silinda, uyaache siku kadhaa, kisha tia gia ya nne, usogeze gari mbele na nyuma kwa upole huku ukisikiliza. Injini ikizunguka bila kukwama, una bahati. Fungua pia mabati yanayoongoza upepo, kwa sababu katika gari lililolala bandani panya hujenga humo, na majani yao yakiziba mapezi ya silinda injini itaungua ukiwa barabarani. Usitafute filta ya mafuta ya injini ya kufungua na kutupa, haipo. Uchafu hutupwa kwa mzunguko ndani ya puli ya chini, na ukiifungua utakuta tope jeusi gumu kama lami, ambalo ni lazima likwanguliwe. Mipira yote ya breki ibadilishwe, hata ile inayoonekana mizima.

Jambo moja nakusihi usilipuuze. Joto la kupasha ndani ya gari hili hutoka moja kwa moja kwenye hewa iliyopita injini, kwa hiyo bomba la moshi au gasketi ikivuja, moshi wenye sumu unaweza kuingia mlimo bila ninyi kujua. Hakikisha pamekazwa kabla hujaendesha na madirisha yamefungwa wakati wa baridi.

Kuhusu injini ya 126, ni kweli inaingia, na wengi wameitia. Mimi nisingeifanya kazi hiyo. Hati za gari hutaja aina ya injini, ukaguzi utakusumbua, na zaidi ya hayo utakuwa umeuondoa ule mlio uliokuwa mkiusikia kabla ya kona. Nguvu yake ya farasi 18 inatosha kwa gari lenye uzito wa kilo zipatazo 520. Ukisikia gia zinakwaruza usidhani ni ugonjwa, kwani gia boksi hii haina visawazishi, vile vinavyolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana; unaposhuka gia, kanyaga klachi mara mbili na upige mafuta kidogo katikati.

Malindi sitakudanganya. Kenya hairuhusu kuingizwa magari yaliyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa, na lako, kama yalivyo mengi ya Italia, bila shaka lina usukani wa kushoto, jambo ambalo nalo ni kizuizi. Ni rahisi zaidi kumkatia mzee tiketi ya ndege kuliko kulipakia gari melini, kwa hiyo ningepanga kazi nikilenga safari yake.

Ukimaliza upande wa dereva, niandikie vipimo vya mlango vya kabla na vya baada, tuvitazame pamoja kabla hujakata upande wa pili.