Kabla ya kununua baiskeli, mchunguze unayetaka kuendesha naye

Juzi dada mmoja msomaji wangu aliniandikia. Yeye na shoga yake wanataka kuendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, wachangishe pesa za taulo za kike kwa ajili ya shule waliyosoma. Anauliza anunue baiskeli gani.

Dada yangu, baiskeli ni swali dogo. Tafuta ya mtumba yenye gia nyepesi za kupandia mlima, mpelekee fundi akuwekee cheni, breki na matairi mapya, kwisha habari. Swali kubwa ni huyo shoga yako.

Nasema hivi kwa sababu mwaka jana mimi na swahiba wangu wa tangu sekondari tuliipita njia hiyohiyo na kikundi kidogo cha watu wa mtaani kwetu. Tulikuwa tunachangisha madawati ya shule ya msingi. Wengi mnaufahamu msafara wa Twende Butiama, wale wanaokata zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar hadi kijijini kwa Mwalimu kuelekea Oktoba 14. Sisi hatukuwa na ubavu huo. Dodoma ni kama kilomita 450, na nilizimaliza zote kwa miguu yangu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana kuna watu huko mtaani wanasimulia vingine.

Dar hadi Chalinze ni foleni na malori tu. Tokeni alfajiri kabla Kimara haijachangamka. Endesheni mstari mmoja, msipangane wawili wawili mkapiga soga, kwa sababu basi likikupita kwa kasi upepo wake unakuyumbisha, na ukiyumba pana mwenzako ubavuni, mmekwenda wote. Nendeni miezi ya kipupwe, kati ya Juni na Agosti. Jua lina huruma kidogo, mvua hakuna, na kusi inawasaidia zaidi kuliko kuwazuia. Paka mafuta ya mgando mapajani kabla ya kupanda siti, usisubiri pawake moto. Kunywa kabla ya kiu, kula kabla ya njaa. Pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji inakurudishia chumvi ambayo maji matupu hayana, na duka la dawa lolote njiani wanayo.

Morogoro tulilala marafiki.

Ukishaiacha Dumila, barabara inaanza kupanda kuelekea Gairo, na hapo ndipo mtu anapojulikana. Tulikuwa tumekubaliana, tena mbele za watu, kwamba anayepanda vizuri atamsubiri mwenzake. Tulikuwa tumegawana pia vifaa ili kupunguza uzito: yeye pampu na tyubu za akiba, mimi viraka, gundi na spana. Wazo lilikuwa lake.

Mlimani akaanza kunipotea. Kwanza nikawa naiona fulana yake ya njano kwenye kila kona, baadaye sikuiona tena. Nyuma yangu likaja lori la saruji linajikokota kwa gia ya kwanza, likanipita taratibu kiasi kwamba utingo alipata muda wa kunihoji natoka wapi. Nilipomjibu akaning'inia mlangoni akaniambia, "Bro, shika kamba hapo nyuma, tunakuvuta mpaka juu." Nilikataa. Watu walikuwa wametoa pesa zao nipande, na nilipanda.

Mbele kidogo tairi la nyuma likalala. Viraka ninavyo, gundi ninayo, pampu iko Gairo!

Nilisukuma baiskeli hadi kwa fundi aliyekaa chini ya mwembe. Alivuta tyubu nje kwa koleo la kijiko kilichokunjwa, akaitumbukiza kwenye beseni la maji machafu na kuizungusha polepole hadi povu likatoka, akapabana pale kwa kidole gumba. Akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamweleza habari ya madawati. Akakaa kimya, akakwaruza tyubu kwa msasa, kisha akasema, "Sasa si mngekusanya hizo hela za safari mkanunua madawati?"

Swali hilo mtaulizwa pia, kwa hiyo jibu lake liwe tayari. Nilishawahi kuomba mchango wa madawati kwenye kundi letu la WhatsApp nikiwa nimekaa kwangu. Nilipata vidole gumba na "Mungu akubariki." Nilipotangaza kwamba naendesha hadi Dodoma, watu haohao wakafungua pochi. Binadamu anatoa anapoona na wewe umetoa kitu, hata kama kitu chenyewe ni jasho tu. Lakini gharama zenu za kula na kulala mjilipie wenyewe, mchango usiguswe hata shilingi.

Gairo nilimkuta swahiba kamaliza chipsi mayai, anaperuzi simu. "Nilijua uko nyuma yangu hapo tu," akasema. Sikumjibu mpaka tumelipita soko la mahindi la Kibaigwa. Dodoma akapiga picha ya peke yake pale tulipofikia, akaandika "Nimeweza." Nimeweza! Mwezi mzima watu wananiuliza kama na mimi nilikuwepo.

Ndugu zangu, mtu kucheka na wewe harusini hakumfanyi kuwa mtu wa kusafiri naye. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya barabarani huwezi kuisubiri mpaka Gairo ndiyo uipime. Mpeleke shoga yako mlima wa Kisarawe, Jumamosi moja tu. Kaa nyuma yake makusudi. Uhesabu amegeuka mara ngapi. Asipogeuka kabisa, endelea kumpenda, mualike kwako, mle pilau, ila Dodoma tafuta mtu mwingine. Na hata akigeuka, kila mmoja abebe pampu yake, tyubu yake na viraka vyake. Narudia: kila mmoja na pampu yake.

Kuhusu pesa, kila mchango utangazwe kwenye kundi siku hiyohiyo unapoingia, jina na kiasi, na simu inayopokea watu wawili wawe wanaona salio lake. Madawati yetu tulimlipa seremala moja kwa moja, mwalimu mkuu akiwepo. Aliyeahidi atume kabla hujakanyaga pedeli. Waliosema "nitatuma ukifika" baadhi yao nawadai mpaka leo, na mmoja wao ni shemeji wa swahiba, ambaye nikimpigia anasema yuko barabarani anaendesha.