Wasomaji Wanauliza: GPS na Pikipiki za Magurudumu Manne Nje ya Barabara

Mhariri, mimi na ndugu yangu huendesha pikipiki za magurudumu manne kwenye njia za msituni pembezoni mwa kreta ya Menengai. Hivi majuzi simu ilituonyesha kwamba tumebakiza mita 600 kufika mahali tulipoliacha gari, lakini tulihangaika zaidi ya saa nzima. Tena kila tuliposimama, mshale wa kwenye ramani ulizunguka huku na huko. Je, simu ni mbovu au ni mtandao uliokuwa hafifu? – Msomaji wa Bahati, Nakuru

Ndugu msomaji, simu yako ni nzima, na mtandao hauna hatia. Kipokezi cha GPS kilichomo ndani ya simu husikiliza tu mawimbi ya satelaiti zinazozunguka kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na kikizisikia nne kwa wakati mmoja huweza kukokotoa mahali ulipo bila intaneti yoyote. Mtandao unasaidia katika mambo mawili: kupakua ramani, na kuharakisha kupatikana kwa satelaiti simu inapoanza kuzitafuta. Kwa hiyo ramani ya eneo zima ipakuliwe ukiwa bado nyumbani, na kabla ya kuingia chini ya miti simama mahali peupe kwa dakika chache hadi mahali ulipo paonekane pametulia. Kwenye uwanja wazi simu hukosea kwa mita tano hivi, lakini chini ya miti mikubwa au kando ya ukuta wa mwamba, ambako mawimbi huzuiwa au hugonga jiwe kwanza ndipo yakufikie, kosa hilo huongezeka mara kadhaa.

Kuhusu zile mita 600, hapo ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotelea. Isipokuwa umeiagiza ikufuatishe njia inayoijua, simu hupima umbali kwa mstari mnyoofu, kama kwamba unaweza kupaa. Kreta ya Menengai ina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na kuta zake mahali pengine huteremka takriban mita 480 hadi kwenye mawe makali ya volkano. Mimi mwenyewe niliwahi kufuata mshale jioni moja katika eneo hilohilo, nikifurahia namba zikipungua, mita 400, mita 300, mpaka gurudumu la mbele likasukuma kokoto, nikazisikia zikiporomoka bila kusikia zilipotua. Nilizima injini, nikashuka, nikaona vichaka vilivyokuwa mbele yangu vimeota kwenye ukingo wenyewe. Kifaa hakikuwa kimekosea hata kidogo, kwani mahali nilipopataka palikuwa kweli mita 300 mbele yangu, ila palikuwa chini.

Tangu siku hiyo sianzi safari kabla ya kuiambia programu irekodi njia ninayopita, kuanzia pale ninapowasha injini. Wakati wa kurudi ninafuata mstari huo niliouchora kwa magurudumu yangu mwenyewe, hata ukiwa mrefu mara tatu kuliko ule mnyoofu, maana nina hakika kwamba pikipiki inapita. Kila penye njia panda ninasimama na kuweka alama yenye jina la kitu ninachokiona, kama vile lango la mbao au mti ulioanguka, kwa sababu alama iliyoandikwa namba tupu haimwambii kitu mtu aliyechoka na kuingiliwa na giza. Jizoeze pia kusoma mistari ya miinuko kwenye ramani: inapobanana, ardhi ni ya mteremko mkali, na inapokaribia kugusana, usithubutu kupeleka gurudumu huko.

Mshale unaozunguka ni jambo dogo. GPS huutambua mwelekeo wako kwa kulinganisha mahali ulipokuwa na ulipo sasa, na ukisimama hakuna cha kulinganisha. Dira ya simu nayo huvurugwa na chuma cha pikipiki na sumaku za baadhi ya vishikizi vya simu. Sogea mbele mita 20 polepole, kisha utazame tena.

Rafiki alinitumia namba za mahali pa kukutana karibu na Menengai, lakini simu ikanielekeza Baringo. Kosa ni la nani? – Msomaji wa Mogotio

Kosa ni la herufi moja. Sisi wa Nakuru tunaishi kusini kidogo tu mwa ikweta, na wewe wa Mogotio unaipita unapokwenda sokoni, kwa hiyo namba za kaskazini na za kusini hufanana mno. Menengai iko kwenye nyuzi 0.2 kusini hivi. Ukisahau alama ya kutoa au ukaandika kaskazini, unahama kilomita 44 na kujikuta karibu na Ziwa Bogoria. Mwambie rafiki yako akutumie alama yenyewe kutoka kwenye programu, asiinakili kwa mkono.

Ikiwa namba zilitoka kwenye ramani za zamani za karatasi za kipimo cha 1:50,000, jihadhari zaidi. Ramani hizo zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS84, na tofauti kati ya hizo mbili hapa kwetu ni mita 300 hivi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwenye ukingo wa kreta, mita 300 ni nyingi sana.

Je, ni salama kuifunga simu kwenye usukani? Na kwa nini ramani hunipitisha kwenye matope? – Msomaji wa Ahero, Kisumu

Mtikisiko wa injini unaweza kuharibu kamera ya simu. Kampuni ya Apple yenyewe ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2021 kuhusu simu zake. Tumia kishikizi chenye mpira wa kupunguza mtikisiko, au ununue kifaa cha GPS kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na ubebe pawabenki mfukoni, kwani kioo kinachowaka mchana kutwa humaliza chaji upesi.

Kuhusu matope, ramani haijui kwamba jana mvua ilinyesha. Udongo mweusi wa Kano ukilowa hushika magurudumu yote manne, hata kama mstari kwenye kioo ni mzuri na mpana. Wakati wa masika muulize mwenye shamba unayempita kando ya njia, kisha ndipo uitazame simu. Na ukikwama, soma namba za mahali ulipo, uzitume kwa ujumbe mfupi kwa mtu wa nyumbani, halafu upige 999 au 112, maana ujumbe mfupi mara nyingi hupita hata pale ambapo intaneti imekataa.